Baba alienda na MV Bukoba, mama hataki kusikia dua

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Mbagala na mama. Baba alikufa kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996 nikiwa na miaka 7, mwili haukupatikana mpaka leo. Sasa watu wa kwetu Bukoba tuliopo Dar tunataka Mei 21 tukutane tuwaombee marehemu na sisi tuliobaki tupone, ila baba alikuwa Muislamu mama Mkatoliki, watu wanabishana aanze shehe au padri, na mama mwenyewe akisikia redioni wanataja hiyo meli anatoka nje. Hata tukipanda pantoni kwenda Kigamboni anashika bomba la pembeni haliachii mpaka tufike. Tumlazimishe aje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana jamani. Siku ile ilikuwa Jumanne, nakumbuka majirani tulijaa uani kwa mwenye redio, Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo, na baada ya hapo nchi ikaendelea na shughuli zake ila nyie hamkuendelea, maana kwetu mtu akifa tunazika, tunakaa matanga, halafu siku inafika matanga yanaanuliwa, na mama yako hakuletewa mwili, hakuna aliyemwambia sasa basi inuka. Kwenu matanga hayajaanuliwa mwanangu! Ndo maana usimlazimishe kabisa.

Kabla ya huo mkusanyiko mkubwa fanyeni kitu kidogo hapohapo nyumbani, nyie watoto na shoga zake wawili watatu anaowaamini, toeni picha ya baba muiweke mezani, mumwombe awasimulie alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini, alikuwa anawaitaje nyie watoto. Akilia mwacheni alie.

Hilo la shehe na padri lisiwagombanishe, marehemu wenu ni Muislamu basi shehe asome dua kwanza, padri afuate, ila waambieni mapema wote wawili wasije wakamwambia mama ni mapenzi ya Mungu. Meli ya abiria 430 wamekufa watu zaidi ya 800, hapo kuna mikono ya watu, na mama analijua hilo miaka yote, ukimwambia ni Mungu unamfunga mdomo na hasira zake zinabaki ndani.

Halafu siku yenyewe yasomwe majina ya marehemu wote mlionao, taratibu, jina moja moja, hotuba punguzeni. Na mkijaliwa nauli mpelekeni Igoma, Mwanza, walipozikwa wengi ambao hawakutambulika. Msimwambie baba yupo pale maana hamjui, mwacheni asimame mwenyewe aweke maua yake.

Na mimi nitumie jina la baba, siku hiyo nitalitaja kwenye sala zangu. Mama akianza kuongea msimkatishe, hata kama pilau linapoa.