Jibu: Kusomea uchungaji kwa Kihispania, ISEDET haijibu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Umesema mdogo wako, mwinjilisti wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), anataka kusomea uchungaji kwa Kihispania na barua zake kwa ISEDET, chuo cha theolojia cha Buenos Aires, Argentina, hazijibiwi. Hazitajibiwa: chuo kile kilifungwa mwaka 2015. Nami nilihangaika hivyo hivyo nikimsaidia binamu yangu, hadi mtu mmoja akanishtua.

Kabla ya ada au viza, angalia chuo kiko upande gani. KKKT iko kwenye Shirikisho la Kilutheri Duniani. Sinodi ya Missouri, kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, haimo. Seminari ya Concordia pale Buenos Aires, na ile ya El Reformador huko Palmar Arriba, Jamhuri ya Dominika, ni za upande wa Missouri. Huko wanawake hawabarikiwi kuwa wachungaji, KKKT wanabarikiwa. Sisi tuligundua tumeshajaza fomu zote! Kwa hiyo aanzie kwa askofu wake, aulize kwa maandishi kama shahada ya huko itatambuliwa.

São Leopoldo, Brazili, kuna EST, chuo cha theolojia cha Kilutheri, jirani zetu kiimani, ila masomo ni kwa Kireno. Mambo ya viza sikuyafikia.