Maswali ya Wasomaji: Nani Anaitaka Chupa Tupu?

Barua tatu tulizochagua safari hii zimetoka Mwanza, Hamburg na Mombasa. Waandishi wake hawajuani, ila wote wanauliza kuhusu ile hela ndogo inayotozwa juu ya bei ya kinywaji na kurudishwa chupa inaporudi, ambayo katika ukurasa huu tutaiita amana.

*Ndugu Mhariri, nina duka la vinywaji hapa Mwanza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitoza hela ya chupa kwa mteja anayeondoka na soda ya chupa ya kioo bila kuleta tupu. Sasa vijana wa mtaani kwetu wanataka tufanye hivyo hivyo kwa chupa za maji za plastiki, ambazo huziba mitaro na kuishia ziwani. Maduka yote ya mtaa yatatoza shilingi 100 juu ya bei, na yeyote atakayeleta chupa atarudishiwa. Je, mpango huu utasimama?* – Mwenye duka, Mwanza

Ndugu yangu, nia ya vijana hao ni njema, lakini kwa namna ulivyoueleza mpango huo sidhani kama utamaliza mwezi, na sababu yake unaijua wewe kuliko mimi. Chupa ya soda unaipokea bila wasiwasi kwa sababu gari la msambazaji likija litadai kreti yenye tupu zake 24 kabla ya kukuachia iliyojaa. Kiwandani chupa hiyo itaoshwa, itakaguliwa na kujazwa tena, maana yake ni kwamba ni mali ya kiwanda iliyo safarini tu, na hela unayomtoza mteja ni rehani ya mali ya mtu. Chupa ya maji ya plastiki haina mwenyewe. Ikishauzwa, aliyeijaza hana haja ya kuiona tena, na hakuna gari litakalokuja dukani kwako kuiulizia. Ndiyo maana amana ya kioo ilianzishwa na wafanyabiashara wenyewe bila kusukumwa na mtu, ilhali amana ya chupa inayotumika mara moja, karibu kila mahali ilipo, imeletwa na sheria inayomlazimisha mtengenezaji aitake chupa asiyoihitaji.

Kikwazo cha pili ni mpaka. Shilingi 100 zitatozwa kwa chupa zilizouzwa mtaani kwenu tu, lakini chupa iliyouzwa stendi ya mabasi inafanana na ya kwenu kama pacha. Mwokota chupa huuza kwa kilo, na kwa kuwa chupa ya nusu lita mara nyingi haifiki gramu 20, hupaswa kuinama zaidi ya mara 50 ili apate kilo moja. Akisikia kwamba kwenu kila chupa ni shilingi 100, atawaletea gunia zima jioni hiyo hiyo, wala hatakuwa amekosea lolote. Ninyi ndio mtakaokuwa mnalipa amana ambayo hamkuipokea. Hata majimbo makubwa yameonja adha hii. Michigan, nchini Marekani, hutoza senti 10 tangu mwaka 1978, huku majirani zake Ohio na Indiana hawana amana kabisa, na imebidi sheria yake iwaadhibu wanaovusha makopo mpakani ili wakadai fedha ambazo hazikulipwa.

Penye mpango wa taifa zima, fedha hufuata bidhaa tangu mwanzo. Mtengenezaji, au mwingizaji wa vinywaji kutoka nje, humtoza amana msambazaji, msambazaji humtoza mwenye duka, na mwenye duka humtoza mnywaji. Chupa inaporudi, mwenye duka humlipa aliyeileta, kisha hurudishiwa kiasi hicho na chombo kinachoendesha mpango, pamoja na malipo kidogo ya nafasi, mifuko na mikono iliyotumika. Jambo la kuangaliwa sana ni kuhesabu, kwa sababu chupa moja isipozuiwa itarudishwa mara mbili. Mashine ya kupokea chupa husoma alama ya mistari iliyo kwenye lebo, hulinganisha na orodha yake, kisha huiponda chupa pale pale isiweze kudaiwa tena. Duka lisilo na mashine hupokea kwa mkono, hufunga chupa nzima katika mifuko yenye lakiri na kuipeleka kwenye kituo cha kuhesabia, na halilipwi mpaka hesabu ya kituo itoke.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba vijana waanzie mahali penye lango. Uwanja wa mpira, shule ya bweni au tamasha la siku moja lina mwingilio na mtokeo, na vinywaji vyote huuzwa na watu mnaowafahamu. Kila chupa ibandikwe stika yenu kabla ya kuuzwa, na asiye na stika asilipwe, hata awe mtoto wa mwenyekiti. Fedha za amana ziwekwe katika kisanduku chake, kamwe zisichanganywe na mauzo, na kila jioni hesabu iwe moja: chupa zilizouzwa, ukiondoa zilizorudi, zidishe kwa 100, na jibu ndilo linalopaswa kuwamo kisandukuni. Mtaani kwenu kwenyewe, ambako hakuna lango, vijana wanaweza kununua chupa kwa kilo kama wafanyavyo wengine. Ni kazi ya heshima, ila wasiiite amana, kwa sababu bei ya kilo hupanda na kushuka kwa matakwa ya mnunuzi, ilhali amana haibadiliki tangu chupa inauzwa hadi inarudi.

*Mhariri, ninaishi Hamburg. Mashine ya dukani ilinikatalia chupa mbili: moja niliinunua nilipokuwa safarini Ufaransa, nyingine niliibonyeza ili ienee mfukoni. Nilipokwenda kwenye kioski cha jirani na makopo manne, mwenye kioski naye alikataa. Nimedhulumiwa?* – Msomaji, Hamburg

Kwa chupa ya Ufaransa hukudhulumiwa, kwani hukuilipia amana. Mpango wa Ujerumani huitambua chupa kwa alama maalumu iliyochapwa kwenye lebo, na hiyo yako haina. Ile uliyoibonyeza, kama alama yake bado inaonekana, mwite mhudumu aipokee kwa mkono, au fanya wafanyavyo wenyeji: ipulize irudi umbo lake kisha ujaribu tena. Kuhusu kioski, tangu mwaka 2006 duka likiuza vinywaji vya makopo linapaswa kupokea makopo ya amana ya kila aina hata kama halikuyauza, lakini duka ambalo eneo lake la mauzo halifiki mita za mraba 200 linaruhusiwa kupokea ya nembo linazouza lenyewe tu. Yapeleke kwenye duka kubwa. Ni senti 25 kwa kila kopo, na euro nzima si ya kuacha kwa hasira.

*Kwako Mhariri, salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake tunaookota chupa upande wa Likoni. Tunasikia watu wakisema kwamba amana ikija, kila mtu atarudisha chupa yake mwenyewe nasi tutakosa riziki. Tena twauliza: zile hela za chupa ambazo hazikurudi, huliwa na nani?* – Katibu wa kikundi, Likoni

Dada, naanza na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua kama mpango utakuwa wa kweli au wa maonyesho. Chukua mfano wa chupa 100,000 zenye amana ya shilingi 10 kila moja, ambazo jumla yake ni shilingi milioni moja. Zikirudi 60 katika kila 100, shilingi 400,000 hubaki bila mdai. Zikirudi 90, hubaki 100,000 tu. Sasa fikiria kwamba anayeendesha mpango ndiye anayebaki na salio hilo. Kila chupa inayorudi humpunguzia mapato na kumwongezea gharama, kwa hiyo hatakuwa na haraka ya kufungua kituo karibu na watu. Jimbo la New York liliamua mwaka 2009 kwamba asilimia 80 ya fedha zisizodaiwa ziingie katika hazina ya jimbo. Oregon, ambayo sheria yake ya mwaka 1971 ndiyo ya kwanza ya aina hii Marekani, iliwaachia wasambazaji wa vinywaji fedha hizo, lakini baadaye ikaweka mtego katika sheria: marejesho yakiwa chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ipande kutoka senti 5 hadi 10. Mwaka 2014 na 2015 hayakufika hata asilimia 70, na Aprili 2017 amana ikapanda. Watu walirudi na chupa zao, kwa kuwa senti 5 zilizokuwa na uzito miaka ya sabini zilikuwa zimebaki jina tu.

Mimi binafsi navutiwa zaidi na njia ya Norwei. Huko kila chombo cha kinywaji kina kodi ya mazingira, na kodi hiyo hupungua kadiri vyombo vinavyorudi kwa wingi, hadi kufutwa kabisa marejesho yanapofika asilimia 95. Kampuni za vinywaji zinazomiliki mpango zina faida ya wazi kila chupa inaporudi, na hakuna anayelazimika kuzihubiria.

Kuhusu riziki yenu, hofu hiyo ina ukweli nusu. Nyumba nyingi zitarudisha chupa zao, lakini chupa za ufukweni, za matatu na za harusini zitaendelea kuachwa, nazo hazitalipwa tena kwa kilo bali kwa idadi. Katika miji ya Ujerumani watu huacha chupa pembeni ya pipa la taka badala ya kuitupa ndani, ili mwokotaji asilazimike kuchakura. Jijini New York kuna kituo cha Brooklyn kiitwacho Sure We Can, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho huwapokea waokotaji wenye mizigo mikubwa, kwa kuwa maduka ya jimbo hilo yanaruhusiwa kukataa zaidi ya chupa na makopo 240 kwa mtu mmoja kwa siku. Hapo ndipo kikundi chenu kinaweza kuumia: sheria ikiandikwa kwa kumfikiria mteja mwenye mfuko mmoja, mwenye magunia kumi atafukuzwa mlangoni.

Kenya tayari ina sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka, inayowataka wazalishaji wawajibike kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika, ingawa hiyo peke yake si amana. Siku mtakapoitwa kutoa maoni kuhusu amana yenyewe, ulizeni kituo cha kupokea magunia kitakuwa upande gani wa kivuko, kitafungwa saa ngapi, na kama atakayehesabu chupa zenu atawahesabia mkiwa mbele yake.