Jibu: Chaler ruti zinapasuka wakati wa kusukuma

Ndugu, umeuliza kwa nini chaler ruti, zile chapati za unga wa mchele za Bangladesh, zinakupasukia ukizisukuma. Bila shaka unakanda kwa maji baridi. Unga wa mchele hauna gluteni (ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushikana), kwa hiyo kinachoushikanisha ni wanga wake ulioiva.

Chemsha kikombe 1 cha maji na chumvi, mimina kikombe 1 cha unga, punguza moto, funika dakika chache, kisha songa kwa mwiko kama ugali. Kanda ungali na moto, viganja ukivilowesha, mpaka donge liwe laini kabisa bila ufa hata mmoja. Hapo usiwe na haraka, kazi yote iko hapo! Madonge yanayosubiri yafunike kwa kitambaa kibichi. Choma kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, zibaki nyeupe.

Wenyewe huzila na mchuzi wa ng'ombe, hasa Idi ya kuchinja, na usiku wa Nisfu Shaabani huzila na halua. Mimi nazipenda zaidi na mchuzi mzito wa bata, chakula chao cha msimu wa baridi.

Unga wa dukani ukiwa mkavu sana, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja.