Nanyamaza kwa heshima, wao wanaona nimenuna

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 17, kwetu ni Likoni. Tangu Septemba niko Modena, Italia, kwa mwaka mmoja wa shule. Naishi na familia ya wenyeji: baba, mama, kijana wao wa miaka 12, na bibi anayekaa ghorofa ya juu. Mama wa hapa hunifokea kila siku. Nikitoka na nywele mbichi anapiga kelele, nikiwasha draya jioni anapiga kelele pia. Mezani wanasema wote kwa pamoja, mimi nanyamaza kama nilivyolelewa. Kwenye fomu nilieleza kuwa ni Mwislamu na sili nguruwe. Wiki mbili zilizopita bibi alipika tortellini, vifuko vidogo vya unga, kwenye supu, nikala sahani mbili. Kumbe ndani mna nguruwe! Kijana ndiye aliyeniambia, huku akicheka. Nikajifungia chumbani siku tatu, nikasema naumwa. Sasa mama huyo amemwambia msimamizi wangu kwamba sina furaha na sitaki kuzungumza nao. Shuleni nimepata 4 katika mtihani wa mdomo mbele ya darasa zima. Mamangu mzazi ananiambia nivumilie. Mimi nataka kuhamishiwa familia nyingine, au nirudi nyumbani Desemba. Nifanyeje?*
*Mgeni, Modena*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na tortellini, kwa sababu naona ndizo zinazokukosesha usingizi.

Ulikula bila kujua. Chuoni tulifundishwa tangu wadogo kwamba aliyekosea bila kukusudia hana lawama. Ukitaka moyo utulie zaidi, mpigie simu ustadhi wako wa Likoni umsimulie, lakini usijitwishe dhambi ambayo hukuitenda. Kosa ni la wenyeji wako. Nalisema hili wazi kwa sababu barua yako imejaa kujilaumu: uliwaambia mapema, wao hawakuangalia.

Hata hivyo nataka ujue lilivyotokea, ili lisirudi. Upande huo wa Italia, Modena, Bologna, Parma, nguruwe ameingia karibu kila chungu. Ndani ya tortellini mna nyama ya nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) na mortadella (soseji nene ya nguruwe), zikichanganywa na jibini la Parmigiano, yai na kungumanga. Watu wa Bologna wanazienzi hadi mwaka 1974 mapishi yake yaliandikishwa rasmi katika chemba ya biashara ya mji. Bibi wa huko ukimwambia huli nguruwe, anaondoa kipande cha nyama kwenye sahani yako na kuona kazi imekwisha. Kilichosagwa na kufungwa ndani ya unga hakimjii akilini.

Kwa hiyo usiseme tu "sili nguruwe" ukaishia hapo. Taja majina: prosciutto, mortadella, salame, pancetta, zote nyama za nguruwe. Zaidi ya yote taja strutto, yaani mafuta ya nguruwe, maana hayo huingia kwenye piadina na gnocco fritto, ambazo kwa macho ni mkate na mandazi tu. Ragù, mchuzi wa nyama wa tambi, nayo mara nyingi huchanganywa nguruwe na ng'ombe, na hutiwa divai. Dukani soma pakiti; ukikutana na neno suino, yaani nguruwe, rudisha.

Sasa tuje kwenye zile siku tatu. Mama wa nyumba hakujua lililokuwa moyoni mwako. Alichokiona ni mtoto wa watu, amekabidhiwa yeye, hali, hasemi, anadai anaumwa na hana homa. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Familia zinazopokea wanafunzi wa mwaka mzima mara nyingi hazilipwi chochote. Wamekufungulia nyumba kwa hiari. Akamwendea msimamizi akiwa na hofu, nawe ukasikia kama amekushitaki.

Nikuambie yaliyonipata mimi. Nilikaa Reggio Emilia miaka sita, nikifanya kazi wanayoiita badante, kumtunza bi kizee nyumbani kwake. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nampakulia, namwekea mezani, kisha najitenga jikoni hadi amalize ndipo nami nile. Kwangu hiyo ilikuwa adabu. Yule bibi akaanza kuacha chakula. Akakonda. Mwanawe akaita daktari, daktari asione ugonjwa. Ikawa siku moja tumekutana na jirani kwenye ngazi, akaniuliza kwa nini sitaki kula naye. Bi kizee alikuwa amemlilia kwamba namwonea kinyaa, kwamba siwezi kukaa naye meza moja. Nilisimama pale kwenye ngazi na mfuko wa mboga mkononi, machozi yananitoka. Mchana ule nikavuta kiti nikakaa mkabala naye. Alikula sahani nzima huku akinisimulia habari za marehemu mumewe, na mimi sikuelewa hata nusu yake.

Nimeyakumbuka hayo nilipofika pale unaposema unanyamaza kama ulivyolelewa. Kwetu mtoto aliyefunzwa akakaa na wakubwa huinamisha macho, hungoja kuulizwa, hujibu kwa ufupi, na husema ameshiba kabla hajashiba. Umefanya yote hayo vizuri, na aliyekulea anastahili sifa. Lakini mezani kwa Waitalia mtoto anayefanya hivyo ana jambo: ameudhika, au anaumwa, au hawapendi. Wakisema wote kwa pamoja hawagombani, na hakuna atakayekupisha useme. Unaingia tu. Wakikuuliza com'è andata oggi, siku yako imekwendaje, nawe ukajibu bene, vizuri, na kuinamia sahani, umewafungia mlango. Jibu na kitu mkononi: basi lilichelewa, mvua ilikukuta kituoni, rafiki alikupa nusu ya mkate wake. Maneno ya miezi miwili yanatosha kwa hayo. Watakusahihisha katikati ya sentensi, na huko kukusahihisha ni kukusikiliza.

Mamako mzazi ana nia njema, na sitaki umwone amekosea. Ila uvumilivu anaokuusia kwetu huenda pamoja na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakokuumiza katika nyumba hiyo. Msomee jibu langu.

Habari ya nywele imenichekesha kidogo, kwa sababu hata mimi nilifokewa. Waitalia wanauogopa upepo. Wana neno lake, colpo d'aria: upepo unaopiga shingo iliyo wazi au kichwa kibichi na kukuletea maradhi. Mama anayekukimbiza na skafu mlangoni anafanya vile alivyofanyiwa na mamake. Na draya je? Nyumba nyingi za Italia mkataba wake wa umeme ni wa kilowati 3 tu. Oveni ikiwa imewaka, mashine ya kufulia inazunguka, nawe ukawasha draya, swichi kuu inaruka na nyumba nzima inabaki gizani, chakula kikiwa nusu mbichi. Osha nywele mchana ukirudi shule, au uliza kwanza: posso usare il phon, naweza kutumia draya? Mgeni hapigiwi kelele kwa ajili ya nywele, mwanangu. Anayepigiwa kelele hizo ni mtoto wa nyumba.

Hiyo 4 ya shule isikutoe machozi. Wanahesabu hadi 10, na kufaulu ni kuanzia 6. Huo mtihani wa mdomo, interrogazione, wenzako wote wanaupitia na wote wanatetemeka. Mwombe mwalimu akupangie siku nyingine akuulize tena, wengi hukubali.

Unachonitaka nikuamulie ni kuhama. Usihame sasa, wala usikate tiketi. Wewe na watu hao bado hamjawahi kuzungumza hata mara moja. Tafuta saa ambayo mama wa nyumba yuko peke yake, kijana hayupo, oveni haijawashwa. Mwambie: posso parlarti un momento, naweza kuzungumza nawe kidogo? Kama lugha itakukwama, yaandike usiku uliotangulia umpe karatasi asome. Mwambie hukuwa mgonjwa, na umwombe radhi kwa kumdanganya, kwa sababu alipata hofu ya bure. Kisha mweleze kuhusu nguruwe: kwamba si chaguo la ulimi, ni amri ya dini yako, na kwamba kucheka kwa kijana kulikuumiza. Mwambie pia kwamba ulikotoka mtoto hunyamaza mezani kwa kuwaheshimu wazazi, na kwamba umekuwa ukiwaheshimu tangu Septemba. Nakuhakikishia hilo la mwisho hajawahi kuliwaza. Mazungumzo hayo hayo yatumie kumtajia Ramadhani, maana wao hula usiku saa mbili na wewe utafuturu magharibi. Apange mapema asije akaona tena umeigomea meza yake.

Mkishasema, msimamizi naye mweleze, kwa mdomo wako. Halafu wape wiki tatu. Nguruwe akirudi kwenye sahani yako wakati wanajua, au dini yako ikiendelea kufanyiwa mzaha, omba kuhamishwa na wala usione haya. Programu hizi zina utaratibu wa kumhamisha mwanafunzi, na kuutumia si kushindwa.

Kuna mambo ambayo hayangojewi wiki tatu wala siku moja. Mtu akikugusa vibaya, akiingia chumbani mwako usiku, akikunyang'anya pasipoti au simu, au akikugeuza mtumishi wa nyumba, toka humo na umpigie msimamizi papo hapo. Namba ya dharura ni 112. Watoto na vijana wana namba yao pia, 19696, ya Telefono Azzurro. Sijaona dalili ya hayo katika barua yako. Lakini kama kuna ulilolificha, niandikie tena leo, jina lako silitoi.

Nimebakisha yule bibi wa ghorofani. Wewe unaona alikulisha haramu. Mimi naona mtu aliyetumia nusu siku akifunga vipande vidogo vya unga kimoja kimoja, akaona mgeni anamaliza sahani ya kwanza na kuomba ya pili, na tangu siku hiyo mgeni huyo hajamtazama usoni. Hajui kwa nini. Panda kwake. Lakini kabla hujamweleza lako, mwulize wanakula nini usiku wa tarehe 24 Desemba. Atakuambia vigilia, mkesha wa Krismasi. Nyumba nyingi za Kikatoliki za Emilia haziweki nyama mezani usiku huo, kwa ajili ya dini. Wanapika samaki, na tortelloni zilizojazwa jibini laini la ricotta na mboga, au tortelli za boga. Huyo ni mtu anayejua kujizuilia chakula kwa ajili ya Mungu. Akishakueleza la kwao, mweleze la kwako, ataelewa upesi kuliko wote humo ndani.

Kisha mwombe akufundishe hizo za mkesha. Sfoglia, ule unga wa mayai, husukumwa kwa mti mrefu kuliko wetu wa chapati na hutakiwa uwe mwembamba kama karatasi, lakini mkono unaojua kusukuma chapati hauanzi sifuri. Mwulize saa ngapi anaanza kukanda, uwe umefika kabla yake.