Anza na Paa: Kubadilisha Majengo ya Modeli kwa Ajili ya Reli ya Bustanini

Jengo la kwanza nililoliweka kando ya reli yangu ya bustanini, yaani reli ndogo ya treni za modeli iliyotandikwa nje ya nyumba, lilikuwa kituo kidogo cha abiria. Nilitumia majuma kadhaa kupaka rangi ufito mmoja mmoja wa madirisha na kuchora mistari ya saruji katikati ya matofali, lakini paa nililiacha kama lilivyotoka kwenye boksi. Siku nilipolitoa nje na kusimama karibu nalo, niligundua kwamba kuta zile nilizozihangaikia karibu hazionekani. Mtu mzima aliyesimama bustanini huitazama reli kutoka juu, na kinachomjia machoni kwanza ni paa, nalo paa langu lilikuwa plastiki ya rangi moja iliyong'aa juani kama sahani iliyooshwa. Tangu siku hiyo kila jengo ninalolibadilisha huanzia juu, nami namshauri kila anayefungua seti yake ya kwanza, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kujiunganishia jengo, afanye hivyo.

Plastiki ya seti huwa na utelezi wa mafuta yaliyotumika kiwandani ili vipande vitoke kwenye kalibu, kwa hiyo viosheni kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, vikauke, kisha visugueni kidogo kwa msasa laini kabla ya rangi ya msingi. Baada ya hapo msipulize rangi moja tu. Paa halisi la vigae halina rangi moja: kigae kilichobadilishwa mwaka jana ni chekundu kuliko jirani zake, sehemu iliyo chini ya bomba la moshi ina weusi, na kwenye kona ambako maji hukawia kuna ukijani wa kuvu. Mimi huchagua vigae vichache visivyofuatana na kuvipaka kila kimoja rangi iliyokoza au iliyofifia kidogo, kisha hupitisha maji ya rangi ya kahawia yatiririke kufuata mteremko, kama mvua yenyewe inavyotiririka. Tabaka la mwisho ni vanishi isiyong'aa yenye kinga dhidi ya miale ya jua, kwa sababu miale hiyo ndiyo inayopausha rangi na kuifanya plastiki iwe dhaifu na kukatika.

Wakati mwingine naliondoa kabisa paa la seti na kuezeka upya kwa mabati. Bati halisi lenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.4 linakuwa takriban milimita 37 kwa 100 katika uwiano wa 1:24 (kila kipimo halisi kikigawanywa kwa 24), na karatasi nyembamba ya alumini iliyokatwa kwa vipimo hivyo hupata migongo ikibanwa kati ya vipande viwili vya plastiki yenye mabonde. Gundisheni mabati hayo kwa silikoni mkianzia ukingo wa chini kuelekea mgongo wa paa, kila bati la juu likilalia la chini, ili maji yasipate njia ya kuingia. Alumini haishiki kutu nyekundu, hivyo kutu itabidi ichorwe, hasa palipo na misumari.

Jambo la pili ni uwiano, ambalo huwachanganya wengi. Tangu kampuni ya Kijerumani ya Lehmann ilipoleta treni zake za modeli za LGB mwaka 1968, reli ndogo yenye upana wa milimita 45 kati ya vyuma vyake viwili imebeba treni za uwiano mbalimbali: 1:22.5 kwa kuiga reli halisi zenye upana wa mita moja, 1:20.3 kwa zile zenye upana wa futi 3, 1:32 kwa reli za kawaida za milimita 1,435, na 1:29 ambao watengenezaji kadhaa wameuchagua. Seti za majengo nazo hutofautiana, na maandishi ya boksi hayatoshi kuaminiwa. Pimeni mlango. Mtu wa mita 1.8 ana urefu wa milimita 80 katika 1:22.5, lakini katika 1:32 hafiki hata milimita 57, na mlango uliomfaa wa kwanza utamfanya wa pili aonekane mtoto. Mlango ukizidi, mimi huujengea ngazi mbili chini na kuweka dirisha dogo la kioo juu yake, na jengo zima hukubali uwiano mpya bila kukatwa.

Mkitaka kurefusha jengo kwa kuunganisha seti mbili, kumbukeni kwamba ukuta wa nyuma ambao hakuna atakayeuona unaweza kuhamishiwa mbele, na nafasi yake ikazibwa kwa plastiki tupu. Kata kwa kisu na rula, ukipitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi, na kiungo kifichwe nyuma ya nguzo au bomba la maji ya mvua. Kabla ya kuunganisha chochote, jaribuni gundi kwenye mabaki ya fremu iliyoshikilia vipande. Niliwahi kuunganisha ghala zima kwa gundi ya polistirini, yaani ya aina moja tu ya plastiki, bila kuijaribu kwanza. Plastiki ilikuwa ya aina nyingine, na kuta zikaachana katika mvua ya kwanza. Gundi zinazokauka upesi nazo hushika vizuri ndani ya nyumba, lakini nje hukatika kwa kuwa hazinyumbuki.

Kunyumbuka huku ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Ukuta wa plastiki wenye urefu wa milimita 400 hutanuka kwa zaidi ya milimita 1 joto likiongezeka kwa nyuzi 40 za Selsiasi, ilhali saruji iliyo chini yake hutanuka kidogo sana. Ukuta uliogandishwa juu ya saruji utapinda au kupasuka. Mimi huacha jengo likae juu ya kigae cha saruji kilichoinuliwa kidogo juu ya udongo, likishikwa kwa skrubu mbili zilizopita kwenye matundu mapana kuliko skrubu zenyewe, ili upepo usilichukue na joto lipate nafasi. Matundu madogo chini ya upenu hutoa hewa ya moto, jambo la lazima ikiwa paa limepakwa rangi nyeusi.

Ndani ya kuta pakeni rangi nyeusi kisha nyeupe, la sivyo taa zikiwashwa usiku ukuta wote utawaka kama karatasi. Na paa, baada ya kazi yote hiyo, lisigundishwe. Liwekeeni sumaku ndogo kwenye kona nne, maana ndilo mtakalolifungua mara kwa mara ili kubadilisha taa, kuwatoa buibui na kukausha maji yaliyopenya.