Mwenzako amekuuliza, mjibu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Masasi. Sisi huku wazima, na korosho za nyuma ya nyumba zimeanza kudondoka.

Nimeusoma ujumbe wako. Umeniambia kwamba mwenzako hapo kwenye ghala la korosho Tandahimba alikuuliza, wakulima walipokwisha kuondoka, mbona wewe hupunji mizani kama makarani wengine. Ukamjibu "basi tu", kumbe moyoni ulitaka kumwambia ni kwa ajili ya Yesu. Sasa unaniuliza: "Mama, mtu mwenye imani ya kweli anaogopaje kumtaja Bwana wake? Nifanyeje woga huu uniondoke?"

Mwanangu, nani amekuambia woga ni dalili ya kukosa imani? Paulo, aliyekwisha kupigwa na kufungwa kule Filipi, aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Na Waefeso aliwasihi wamwombee, apewe maneno na ujasiri wa kunena. Asiyeogopa chochote haombi kuombewa ujasiri. Kwa hiyo usikae kuusubiri woga utoke ndipo ufungue kinywa. Utasubiri mpaka uzeeke.

Unasema pia kwamba yeye ni Mwislamu na hutaki kumkosea. Hilo nalipenda, lisikutoke. Lakini hebu mtazame. Adhana ikilia anaiacha kazi, anakunja suruali, anatawadha mbele yenu wote, wala haoni haya. Kila ahadi anayokupa anaifungia na Inshallah. Mtu wa namna hiyo atashtukaje kusikia kwamba na wewe unamcha Mungu? Nadhani anayekutia hofu si yeye. Ni wale vijana wengine watakaokuita mlokole na kukutenga kwenye kahawa. Hofu hiyo ni ya kweli, sitaidharau. Kutengwa kunauma.

Lakini kumbuka umesimama juu ya ardhi gani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, akiwapeleka upande wa Ziwa Nyasa, nao wakaishia hapa Masasi wakajenga. Wafikirie watu hao. Walikuwa wamewahi kuuzwa kama magunia, na biashara ile ilikuwa haijakoma huku bara. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakawavamia, wakachoma nyumba, wakachukua mateka, hata makao ya misheni yakahamia Newala. Siamini kwamba watu wale hawakutetemeka. Ila habari ya Yesu haikuzimika katika nchi hii, nasi tumeipokea kwa sababu wapo walioisema huku wanaogopa.

Nikupe na langu. Nilipomuuguza bibi yako hospitali ya Mkomaindo, kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa heshima sana. Usiku mmoja akaniuliza ninanong'ona nini nikimshika mgonjwa wangu. Nilikuwa na kikombe cha uji, nikakishika kwa mikono miwili kisimwagike, maana vidole vilikuwa vinacheza. Nikamwambia ninamwomba Yesu, kwamba alinibeba mwaka ule baba yako alipofariki, na kwamba tangu hapo siogopi usiku kama zamani. Nikanyamaza. Hakubadili dini, wala sikumwomba abadili. Alisema tu, "Niombee na mimi," nikamwombea. Mpaka leo kukiwa na msiba kwangu huja, kukiwa na msiba kwake naenda.

Ndiyo maana nakuambia, usibebe mzigo usio wako. Kumgeuza mtu moyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Yako ni kusema ulichokiona. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Mwenzako ameuliza mwenyewe. Hujamvizia njiani, hujampigia spika dirishani. Mlango ameufungua yeye.

Mrudie. Mtafute mkiwa wawili, siyo siku ya malipo watu wakiwa na hasira, wala mbele ya wale wanaopunja, asije akadhani unawasema. Mwambie: "Ndugu yangu, siku ile uliniuliza juu ya mizani nikakujibu ovyo. Mimi ni mfuasi wa Yesu. Imeandikwa mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na nikimwona yule mzee ameshuka na gunia lake kwenye baiskeli, siwezi kumkata kilo zake." Yatosha. Akiuliza zaidi, endelea. Usilolijua sema hulijui. Akianza kukueleza imani yake, msikilize mpaka amalize, usimkatize, na dini yake usiitie doa hata kwa neno moja.

Kabla hujaenda, omba. Usiombe woga uondoke, omba maneno yatoke. Na mizani iendelee kuwa sawa, mwanangu, maana siku utakayopunja gunia moja, hayo utakayomwambia hatayasikia tena.

Alhamisi kwenye jumuiya nitawaomba akina mama wakuombee, jina la mwenzako sitalitaja. Mkishazungumza nipigie, hata ikiwa usiku.

Mama yako