Ni bakteria yupi, na yuko wapi?

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Je, ni kweli kwamba bakteria wanaoishi tumboni huongeza kinga ya mwili, na je, kuna haja ya kununua vidonge vyenye bakteria hao?" Nitaanza na sehemu ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoamua ya pili. Bakteria hao wana nguvu kubwa juu ya kinga yetu, lakini kinga si unga unaopimwa kwa kibaba ukaongezwa au ukapunguzwa. Kilichoonekana maabarani ni kwamba bakteria wa aina fulani, akikaa mahali fulani kwenye utumbo, husababisha seli za kinga za aina fulani zizaliwe au zikusanyike hapo, na seli hizo zinaweza kumlinda mwenye nazo au kumuumiza.

Upande wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka moja tu la seli. Juu ya tabaka hilo kuna ute, na chini yake, hata katikati ya seli zenyewe, kumejaa seli za kinga kwa wingi. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 na Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa katika utumbo mpana, idadi inayokaribiana na ile ya seli zake mwenyewe. (Ile kauli ya kwamba wanatuzidi mara kumi, ambayo sisi walimu wa baiolojia bado tunaikuta vitabuni, haina msingi.) Panya wanaozaliwa na kulelewa maabarani bila kijidudu chochote huonyesha umuhimu wa ujirani huu: vituo vya kinga vilivyomo ukutani mwa utumbo, vinavyoitwa mabaka ya Peyer, hubaki vidogo, na kingamwili za aina ya IgA, ambazo kwa kawaida humwagwa kwa wingi ndani ya utumbo, hupungua sana.

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote nivijuavyo kilitokea katika maabara ya Dan Littman, Chuo Kikuu cha New York. Mtafiti Ivaylo Ivanov na wenzake waliona jambo lisiloeleweka: panya wa ukoo mmoja, wenye jeni zinazofanana, walitofautiana kwa kutegemea walikonunuliwa. Waliotoka kwa kampuni ya Taconic walikuwa na seli nyingi za Th17 (aina ya seli T, yaani chembe nyeupe za kinga, ambayo huchochea mashambulizi) katika utumbo mwembamba, ilhali waliotoka Jackson Laboratory walikuwa nazo chache mno. Panya wa Jackson walipopewa bakteria wa panya wa Taconic, seli hizo ziliongezeka, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba jibu halikuwa kwenye damu ya ukoo bali kwenye vijidudu. Mwaka 2009 watafiti hao, wakishirikiana na wenzao wa Japani akiwemo mtafiti aitwaye Kenya Honda, walimtaja mhusika: bakteria mwembamba kama uzi, mwenye pingili, ambaye panya wa Taconic walikuwa naye na wale wa Jackson hawakuwa naye. Kati ya mamia ya aina za bakteria waliomo utumboni, huyu mmoja peke yake alitosha kuleta tofauti yote.

Namna anavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole. Bakteria huyu wa pingili hujishikiza kwenye seli za ukuta katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, akizibonyeza bila kuzitoboa. Seli zilizoshikwa hutoa protini iitwayo amiloidi A, na seli za kinga zilizo jirani hupokea ishara hiyo na kuzisukuma seli T changa zigeuke kuwa Th17. Kwamba kushika ukuta ndiko kunakoamua kulithibitishwa mwaka 2015: bakteria wa jamii hiyohiyo waliotolewa kwa panya wakubwa wa maabara waliwekwa ndani ya panya wadogo, wakaishi humo bila shida, lakini hawakuweza kujishikiza, na seli za Th17 hazikuongezeka. Kuwapo tumboni, basi, hakukutosha.

Je, panya aliyepata seli hizo amefaidika? Kwa upande mmoja ndiyo, kwani panya wenye bakteria wa pingili walihimili vizuri zaidi maambukizi ya Citrobacter rodentium, ambaye huwaharisha panya. Hata hivyo mwaka 2010 kundi la Diane Mathis na Christophe Benoist, wa Harvard, lilionyesha kwamba katika panya wenye mwelekeo wa kurithi wa baridi yabisi, bakteria huyohuyo na seli hizohizo za Th17 ndio waliochochea ugonjwa wa viungo. Tangazo la "kuongeza kinga" halina nafasi ya ukweli wa namna hii.

Katika utumbo mpana mambo huelekea upande mwingine. Huko Honda na wenzake waligundua, mwaka 2011, kwamba bakteria wa kundi la Clostridia, kundi ambalo wengi wetu tunalijua kwa sababu tu ya pepopunda, huzidisha seli T dhibiti, yaani zile zinazotuliza wenzao wasishambulie chakula wala mwili wenyewe. Miaka miwili baadaye walipata aina 17 za bakteria hao kutoka kwenye kinyesi cha binadamu zenye uwezo huo zikiwekwa kwa panya. Mwaka huohuo wa 2013 tafiti kadhaa zilionyesha sehemu ya siri yao: bakteria hao huchachusha nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, kisha hutoa butireti, kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyofunga sehemu za DNA, na hivyo jeni ya Foxp3, inayoifanya seli T kuwa dhibiti, hubaki wazi kusomwa.

Chakula, kwa hiyo, kina sauti yake. Mwaka 2017 kundi la Marco Colonna huko St. Louis, Marekani, lilieleza seli nyingine za kutuliza, zinazokaa katikati ya seli za ukuta wenyewe, ambazo katika panya zilitokea pale tu alipokuwapo bakteria aitwaye Lactobacillus reuteri. Panya walipolishwa triptofani kwa wingi, kirutubisho kilichomo kwenye mayai, karanga na nyama ya kuku, seli hizo ziliongezeka. Bila bakteria huyo, chakula peke yake hakikuzileta.

Nyumbani Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka huohuo kuhusu Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi ulionyesha kwamba bakteria wao hubadilika kwa misimu: baadhi ya jamii za bakteria hupungua hadi karibu kutoonekana wakati wa asali na matunda ya msituni, kisha hurudi kiangazi. Utafiti huo ulichunguza bakteria, si seli za kinga, kwa hiyo nisingeutumia kudai zaidi ya hapo.

Sasa vidonge. Mengi niliyoyaeleza yameonekana kwa panya, na chupa nyingi zinazouzwa hazina bakteria wa pingili wala zile Clostridia. Zaidi ya hayo, watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliripoti mwaka 2018 kwamba watu waliotoka kwenye dozi ya antibiotiki na kuachwa bila kupewa kitu walirudiwa na bakteria wao wa asili ndani ya wiki chache, huku waliomeza mchanganyiko wa bakteria 11 wa dukani wakichelewa kwa miezi. Mwenye afya sioni anunue kwa sababu gani. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye maharage, mboga na ubuyu. Mgonjwa naye amuulize daktari wake ni bakteria yupi hasa aliyejaribiwa kwa ugonjwa alionao, na kama jina hilo halipo kwenye chupa, airudishe.

Mwalimu wa baiolojia, Morogoro